Rufaa ya Mbwa Mtajiju

Wajukuu zangu wanawaambia watu kwamba bibi yao alikuwa nesi. Waongo. Nesi hushika mikono ya wagonjwa. Mie nilishika midomo yao, maana wagonjwa wangu walikuwa na meno. Nimefanya kazi kwenye kliniki ya mifugo pale Kibiti, jirani na stendi, tangu matiti yangu yako mahali pake mpaka siku kiuno kiliponiambia basi.

Sasa nasikia mmeingia vijana wapya pale, makoti meupe, simu kubwa, na mmoja wenu kaja kuniuliza: "Bibi, mbwa au paka mwenye saratani mlikuwa mnampeleka wapi?" Swali la maana. Lakini jibu lake halikai kwenye sentensi moja, kwa hiyo kaeni. Mkiona nimeacha barabara nikaingia porini, nifuateni tu. Porini ndiko nilikojifunza.

Shule niliishia la nne, na la nne lenyewe niliingia kwa mlango nikatokea dirishani. Niliyoyajua niliyajua kwa kushika. Aliyesoma ni Daktari Masanja, Msukuma mrefu kama mnazi, fundi wa kazi yake na mwenye huruma, ila Mungu alimnyima sauti. Alikuwa akisema kama anayemnong'oneza sisimizi. Mteja anamtazama midomo, kisha ananigeukia mie: "Bi Somoe, kasemaje?" Basi nikawa mdomo wa daktari. Nilimwambia mtani wangu yule wazi, "Daktari, huko kwenu ng'ombe ndio wanaopiga kelele, watu mnanong'ona?" Akanijibu taratibu, bila hata kucheka, "Na huku kwenu, Bi Somoe, wanaonyamaza ni samaki peke yao."

Watu walinisema sana. Mwanamke wa Kiislamu, mjane, kutwa kakumbatia mbwa! Mie nilinawa kama tulivyofundishwa, mara saba, moja kwa udongo. Nimechota udongo nyuma ya kliniki mpaka pakawa na shimo, kuku wakapata pa kutagia. Najisi ya mbwa ina dawa yake, imeelezwa. Ya mdomo wa jirani mpaka leo sijaambiwa ichukuliwe udongo wa wapi.

Haya, uvimbe.

Uvimbe haubinywi. Nawaona ninyi mnabinya kama mnakamua chunusi. Unaupapasa kama unavyopapasa papai sokoni huku mwenye papai anakutazama. Ukiwa unateleza chini ya ngozi kama kokwa ndani ya mfuko, tulia, lakini usilale. Ukiwa umeng'ang'ania nyama kama chaza kwenye mzizi wa mkoko, mwite daktari sasa hivi, acha chai yako ipoe. Usimwulize mwenye mnyama tarehe uvimbe ulipoanza, atakutungia. Muulize, mpunga ulikuwa umeota au umechanua? Ilikuwa kabla ya mfungo au baada ya Idi? Hapo atakumbuka na mvua iliyonyesha siku hiyo. Na ukubwa, usiseme "mkubwa." Mkubwa kwa nani? Sema choroko, sema korosho, sema ndimu, sema dafu. Siku moja daktari bingwa wa Morogoro alipiga simu kuuliza, "Huyo aliyesema korosho, ni yenye ganda au iliyobanguliwa?" Nikaona huyu ni mtu wa kazi. Tangu siku hiyo nikawa nafafanua.

Kabla ya kumpeleka mgonjwa mbele, tazama kwanza kapakwa nini huko atokako. Kwetu kila kidonda kisichopona ni donda ndugu, na kila donda ndugu lina bingwa wake kijiweni. Maji ya betri. Kisu cha moto. Nimeletewa mbwa kapakwa oili chafu ya injini ya boti mgongo mzima, nikamuuliza mwenyewe, "Huyu unamtibu au unamfanyia sevisi?" Akanijibu kwa fahari, "Yote mawili." Mwoshe kwanza. Daktari bingwa akiona oili atadhani ndiyo ugonjwa.

Paka nao wana lao. Paka jike akijigaragaza juani, mtazame tumbo, mpapase mstari wa maziwa yake. Ustadhi wetu wa madrasa aliniletea paka ndani ya kapu la ukindu, kamfunika kanga ya mkewe.

"Ana uvimbe," akasema, "kwenye... kwenye..."

"Kwenye nini, Ustadhi?"

"Pale anaponyonyeshea."

"Ziwa?"

"Astaghfirullah, Bi Somoe! Kuna watu."

"Ustadhi, ni paka."

Alimpeleka Morogoro mwenyewe, hakukubali mtu mwingine ambebee. Konda alipouliza kuna nini kapuni, Ustadhi, mtu asiyesema uongo, akasema, "Amana." Walipofika Mbagala amana ikalia nyau. Konda akamwambia, "Ustadhi, amana yako ina njaa." Gari zima likacheka, naye akacheka. Kule wakampiga picha kifua, wakakuta ugonjwa umeshaingia mapafuni. Daktari bingwa hakumkata paka bure. Alimwambia Ustadhi ukweli, akampa dawa ya maumivu, akamrudisha nyumbani. Yule paka alikula dagaa wa kukaanga na kulala juu ya mswala mpaka siku yake ilipofika.

Nawasimulia hili ili mjue rufaa si tiketi ya kupona. Ni kumpeleka mgonjwa kwa anayejua kuliko wewe. Na anayejua kuliko wewe huenda akajua kwamba hakuna la kufanya. Mwambieni mwenye mnyama hayo kabla hajapanda gari, si akisharudi.

Lakini neno lenyewe hilo, rufaa, lilitaka kuniulia mbwa.

Mbwa huyo alikuwa wa Mzee Mpili wa Mbwera, huko kwenye visiwa vya mdomo wa mto. Aliitwa Mtajiju, yaani mtajijua wenyewe. Jina hilo hakupewa kwa ajili yake, alipewa kwa ajili ya jirani. Mzee Mpili alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na mtu aitwaye Kibwana, wamepakana jaruba kwa jaruba. Kesi ikaenda baraza la kata, Mzee Mpili akashinda. Alipotoka barazani akatafuta kitoto cha mbwa, akakiita Mtajiju, na kila asubuhi akawa anasimama kwenye tuta la mpaka: "Mtajiju! Mtajiju! Njoo ule!" Na Kibwana yuko palepale ng'ambo ya tuta, anajaribu kumeza chai yake. Mbwa alipokua akajua ugomvi ni wa nani. Siku moja alimchania Kibwana msuli aliojifunga kiunoni, akabaki na upande.

Lakini ukiacha fitina, alikuwa mbwa wa kazi. Mpunga ukianza kutoa masuke, nguruwe mwitu hutoka kwenye vichaka kabla ya magharibi, na kundi moja likipata nafasi, mwaka wako umekwisha. Watu huhamia shambani, wanakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, wanagonga madebe. Mzee Mpili miguu ilishamkataa na sauti ya kutisha nguruwe ilishaisha. Aligongewa debe na Mtajiju. Mpunga ule ndio uliokuwa chakula chake na mkewe, hawana mwingine.

Siku aliponiletea mbwa alikuja na lori la samaki, mbwa kafungwa kamba, ananuka kambale.

"Bi Somoe, shikamoo. Mbwa wangu anavuja damu huko nyuma."

"Marahaba Mzee. Kaumia?"

"Hajaumia. Ingekuwa jike ningesema yuko mwezini. Ni dume! Dume linaingiaje mwezini?"

Daktari Masanja akavaa glovu, akatazama. Kwenye sehemu za siri, ambazo kwa mbwa si za siri hata kidogo, palikuwa na uvimbe mwekundu, umechanua kama koliflawa. Na puani kulikuwa na mwingine mdogo, unamziba pumzi. Daktari akanong'ona. Mie nikatangaza:

"Anasema ni saratani! Hii huambukizwa kwa kupandana!"

Stendi nzima ikageuka.

"Teremsha sauti, Bi Somoe. Nina heshima zangu."

"Heshima zako ziko palepale, Mzee. Aliyepanda ni mbwa."

"Na puani? Puani nako kapandwa?"

Daktari akanong'ona tena. "Anasema ni kwa kunusanusa. Mbwa hasalimii kwa mkono."

"Nani kamwambukiza?"

"Mzee, mbwa hana mahari wala eda. Ukimtafuta aliyemwambukiza utazeeka mara ya pili."

Shikeni hili, vijana: saratani hii haimpati mtu, inahama kwa mbwa na mbwa, na inatisha kwa macho kuliko zote, lakini ndiyo ninayoipenda. Ina dawa. Wengi wataiona hiyo koliflawa watasema huyu apigwe risasi, kumbe ukimchoma sindano yake, moja kila wiki, inanywea mpaka unaitafuta. Lakini sindano yenyewe haina mzaha. Ikivuja nje ya mshipa inaozesha nyama. Kwetu dawa ile haikuwepo, na kwa ile ya puani Daktari alitaka bingwa amtazame na kumwanzishia. Akamwambia Mzee Mpili, kupitia kwangu, kwamba atamuuliza mwenzake wa Morogoro, arudi nyumbani asubiri habari. Mzee akaondoka na mbwa wake kuwahi maji, kwa sababu boti za Mbwera hazingoji mtu, zinangoja maji kujaa.

Zamani hapo tungeandika karatasi, ikapanda basi, ikarudi baada ya mgonjwa kuzikwa. Sasa ni picha kwa simu. Njia nzuri, ila tazama unamtumia nani. Daktari Masanja alipiga picha safi kabisa ya uvimbe, karibu, na mwanga mzuri, akaituma. Haikwenda Morogoro. Ilikwenda kwenye kundi la kamati ya harusi ya mpwa wake, ambako yeye ndiye mwenyekiti. Mtu wa kwanza akajibu, "Amina." Wa pili akaandika, "Mwenyekiti, hii keki imependeza, ni ya ngazi ngapi?" Siku ile ndiyo pekee niliyomsikia Daktari akipaza sauti, na alilolisema silirudii.

Picha ikafika Morogoro baadaye, na bingwa akajibu haraka. Mbwa aje. Atamtibu kwa ajili ya wanafunzi wake waone, gharama isiwe neno. Ila aje mapema wiki inayoanza, chuo kiko karibu kufunga, na yeye atasafiri.

Simu ya Mzee Mpili ilishaangukia mtoni siku nyingi. Nikampigia Nahodha Seif, mwenye boti pale Nyamisati, kijana mwaminifu, ukimpa neno analifikisha kama lilivyo. Nikamwambia hivi: "Mwambie Mzee Mpili, rufaa ya mbwa wake imekubaliwa. Amlete Kibiti Jumapili. Bingwa anasubiri."

Seif akalifikisha kama lilivyo. Ndiyo balaa lenyewe.

Jumapili ikaja, mbwa hakuja. Jumatatu asubuhi Seif akanipigia.

"Bibi, yule mzee kahama."

"Kahamia wapi?"

"Wanasema kaingia mikokoni na mbwa wake. Kasema mahakama ikimtaka Mtajiju ije imfuate huko na maboya."

"Mahakama gani?"

"Si wewe bibi umesema rufaa imekubaliwa? Kesi ya mpaka. Kibwana kakata rufaa Kibiti, mbwa anatakiwa kama kidhibiti cha ule msuli. Mbwera nzima inajua."

Nilikaa chini palepale juu ya gunia la pumba. Rufaa. Anayetoka zahanati kwenda hospitali kubwa hupewa rufaa, na aliyeshindwa kesi naye hukata rufaa. Mie kichwani mwangu kuna dawa tu, na kichwani mwa Mzee Mpili kuna tuta la mpaka tu, na katikati yetu hakuna neno lingine. Na bingwa? Akili ya mtu mwenye kesi ikisikia bingwa inaona wakili mwenye tai.

Daktari Masanja akaniambia tumtume mtu. Nikamwambia tumeshatuma mtu, matokeo ndiyo haya. Nikafunga kanga, nikapanda gari mpaka Bungu, Bungu nikapanda bodaboda mpaka Nyamisati, Nyamisati nikaingia kwenye boti ya Seif. Njia nzima namtazama Seif, naye anatazama injini.

Mbwera nilimkuta Bi Tatu, mke wa Mzee Mpili, anapepeta mchele uani. Kuniona tu akaanza kupepeta kwa kasi, mchele na pumba vyote chini.

"Hodi, Bi Tatu."

"Karibu, ila Mzee hayupo. Yuko mikokoni anakata boriti."

"Na miguu ile?"

"Anakata za chini chini."

"Mbwa je?"

"Mbwa gani? Hapa hapajawahi kuwa na mbwa."

Chumbani mbwa akabweka.

Tukatazamana. Bi Tatu akashusha ungo. "Ni Mzee huyo," akasema. "Ana kikohozi."

"Si umesema yuko mikokoni?"

"Bi Somoe, wewe umekuja kusalimia au kusikiliza kesi?"

Mbwa alikuwa chini ya kitanda! Nyumba ya watu wa sala, mbwa chini ya kitanda, na mwenye nyumba kalala juu yake kajifunika shuka gubigubi na joto lile. Mpaka hapo nikajua mzee huyu anampenda mnyama wake kuliko anavyotaka watu wajue.

Kabla sijasema neno, Kibwana akaingia uani bila hodi, mtu mnene, jasho linamtiririka.

"Uko wapi wewe mama wa Kibiti? Nani kakata rufaa kwa jina langu? Mie sijakata! Nikate kwa lipi? Watu hawanisalimii, wananiambia nimempeleka mbwa mahakamani! Nimwambie nini hakimu, mbwa kanivua nguo?"

"Uliutaka msuli wako!" ikatoka sauti chini ya shuka.

"Msuli nilishaushona!"

Nikatumia sauti niliyoitumia miaka yote kwa niaba ya Daktari. "Nyamazeni! Rufaa ya hospitali! HOSPITALI! Kama aliyopewa mama yako Kibwana alipopelekwa macho Dar. Mama yako alimshtaki nani?"

Shuka likafunuka kidogo, likatoka jicho.

"Na bingwa?" akauliza Mzee Mpili.

"Daktari bingwa. Wa wanyama."

"Siyo wakili?"

"Kibwana ana uwezo wa wakili, huyu?"

"Bi Somoe!" akalalamika Kibwana.

Mzee akatoka, mbwa nyuma yake. Nilipomwona nikaacha mzaha. Uvimbe wa puani ulikuwa umeongezeka, ulikuwa choroko sasa ni korosho, yenye ganda. Alikuwa akipumua kwa mdomo, na pale alipolala palibaki damu. Nikawaeleza yote, polepole, kwa maneno ya nyumbani, bila kulitaja lile neno. Kwamba akitibiwa atapona. Asipotibiwa ataziba. Kwamba chuo kinafunga, na asipofika wiki hiyo hatuna bingwa.

Nilidhani nimemaliza. Mzee Mpili akakaa kwenye kinu kilicholala. "Mpunga umetoa masuke," akasema. Wote tulijua maana yake. Mbwa akiondoka, nguruwe wanaingia. Mbwa akibaki, anakufa, na nguruwe wanaingia vilevile, wiki chache mbele, mpunga ukiwa mtamu zaidi. Bi Tatu akajifanya anaokota mchele.

Kibwana akajikuna shingo. "Mpeleke," akasema. "Dungu nitakaa mie."

"Dungu langu?"

"Ndilo lililo njiani kwa nguruwe. Wakiingia kwako, kwangu wanafika usiku huohuo."

"Utakaa kwenye dungu langu usogeze mpaka wangu."

"Mzee, nikisogeza mpaka nasogeza na nguruwe? Nimekwambia nitakaa!"

"Na sauti unayo? Nguruwe hawaogopi mtu mnene, wanadhani ndugu yao."

"Nitabweka!" akasema Kibwana kwa hasira. Nadhani hakujua alichoahidi.

Nikawaambia maji yanapwa, nahodha ananung'unika, waamue. Mzee Mpili akaikamata ile kamba ya mbwa akaishika muda. Kisha akanipa mie, si Kibwana, hata kupitisha mkononi mwa Kibwana hakutaka. Akamwinamia mbwa sikioni akamnong'oneza kitu. Na mbwa mwenyewe mbele ya watu wote akapiga chafya, damu ikamrukia Mzee kwenye kanzu.

Safari sitaieleza yote. Nilimtia kwenye tenga la samaki, likakaa kwenye buti la basi, na kila kituo nateremka kumpa maji. Abiria mmoja akaniuliza kama mzigo wangu ni halali. Nikamwambia mie sijaja kumla.

Bingwa mwenyewe nilitegemea mtu wa misuli. Kumbe ni binti mdogo, mwembamba, ungemweka kwenye tenga lile na mbwa angepata nafasi. Lakini mkono! Alitafuta mshipa kama anayetunga uzi kwenye sindano ya shanga. "Bibi, umshike asitikisike hata kidogo," akasema, na wanafunzi wake wamezunguka. Nilimshika. Sindano inaingia taratibu, na mie sipumui, na Mtajiju, nadhani kwa heshima, naye hapumui. Ilipotoka, wanafunzi wakapumua kwa niaba yetu.

Akanifundisha na mengine ambayo nanyi mtayahitaji. Mkojo wa mbwa aliyechomwa dawa ile usiushike bila glovu, watoto wasiukaribie, pamwagie maji mengi. Mwenye mimba asimshughulikie. Damu ya mbwa ipimwe kabla ya sindano nyingine. Haya yote Daktari Masanja akayapokea, na sindano zilizobaki, nilizopewa kule Morogoro nije nazo, tukamchoma Kibiti. Mbwa akawa analala uani kwangu, majirani wakakata mguu. Sijawahi kupumzika kama wiki zile.

Uvimbe ukanywea. Puani ukawa choroko, kisha ukawa hakuna. Ule mwingine Daktari alipoutafuta akanong'ona kitu, wateja wakanigeukia: kasemaje? Nilishindwa kutangaza. Nilikuwa nalia, mie, na mbwa ananilamba, na udongo uko mbali.

Tulirudi Mbwera mpunga umeanza kuwa wa manjano. Tumeshuka kwenye boti, tunapita kwenye matuta, jua linashuka, nikasikia mbwa anabweka mbele yetu. Mbwa mbaya. Mbwa wa mafua. Mtajiju akasimama, akainamisha kichwa upande, kama mtu aliyesikia mgeni anaongea kilugha chake kwa makosa.

Alikuwa Kibwana, juu ya dungu, kashika debe, anabweka. Alikuwa amekonda. Mzee Mpili kakaa chini kwenye kigoda, anamwelekeza: "Toa tumboni! Hiyo ya shingoni hawaiogopi!" Bi Tatu ananiambia wamekuwa hivyo jioni zote, wanagombana mpaka nguruwe wakajisikia vibaya, na mpunga haukuguswa ila kona moja, siku Kibwana alipokwenda msibani.

Mzee alimwona mbwa wake. Hakumwita. Nadhani aliogopa sauti itatoka vibaya. Mtajiju alimfuata, akamnusa magoti, akajilaza miguuni pake. Kibwana akashuka, hana sauti hata ya kusalimu, akasimama kwa mbali akilinda msuli wake.

Kule kichakani manyasi yakatikisika. Mtajiju akanyanyua kichwa, akainuka, akaenda mpaka kwenye tuta, akabweka mara moja.

Manyasi yakatikisika upande wa pili, kwa kasi, yakaelekea mbali. Kibwana akatazama, akatema mate, akasema kwa kile kinong'ono alichobaki nacho, "Wiki zote zile nimewabwekea hawajanikimbia hivyo hata siku moja." Mzee Mpili akasogea kwenye kigoda, akampa nusu ya kukalia.

"Kaa," akamwambia. "Wewe walikuwa wanakuonea huruma."